Stori ya Taa za Plastiki Haianzi 1990

Wasee, kampasi niliiacha mwaka wa pili, lakini kemia haijaniacha. Juzi jamaa mmoja kaandika kwamba taa za plastiki zilizaliwa Cambridge mwaka 1990, mwisho wa stori. Zii, hapo nakataa.

Mwaka 1975 kule Uingereza, Roger Partridge wa National Physical Laboratory aliomba hataza ya taa ya plastiki inayoitwa PVK, inayong'aa ikipitishiwa umeme. Alichapisha utafiti wake 1983. Haikuvuma. Ndipo Jeremy Burroughes na wenzake wa Cambridge wakaona plastiki nyingine, PPV, ikitoa mwanga wa kijani-manjano. Jarida la Nature likachapisha 1990, dunia ikaamka.

Lakini rangi ya PPV imo ndani ya molekyuli yenyewe. Ukitaka rangi nyingine, upike plastiki nyingine. Watu walipika kweli.

Mimi namheshimu zaidi Junji Kido wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani. Alirudi kwa ileile PVK, ambayo peke yake hutoa mwanga wa samawati-zambarau, akaichanganya na unga wa rangi tatu: samawati, kijani na machungwa. Utando mmoja tu. 1994 yeye na wenzake wakapata mwanga mweupe.

Utamu uko hapa. Nguvu kutoka kwa PVK huruka hadi molekyuli ya rangi iliyo karibu, na huteremka tu: samawati, kijani, machungwa. Fikiria bomba la maji la mtaa wenye mteremko. Jirani wa chini kabisa akifungua mfereji wote, wa juu hapati hata tone. Machungwa ndiye huyo jirani. Ukimzidisha, taa yako nyeupe imekwisha, inabaki machungwa. Ndiyo maana kijani na machungwa zilitiwa kiasi kidogo sana, chini ya asilimia 1. Mimi niliyekuwa nakadiria kwa macho maabarani ningeiharibu asubuhi na mapema.

Na kabla hujanikosoa: skrini ya OLED ya simu yako kwa kawaida si plastiki hii, ni molekyuli ndogo. Ila ujanja wa kutia rangi kidogo ni uleule, na Kodak waliuonyesha 1989.

So jamaa wa 1990, rekebisha hiyo stori yako. Anza na Partridge.