Nasaba za Nyumba Zetu katika Njia ya Misafara

Katika kitabu hiki cha jubilei wasomaji watakuta habari za mapadre waliotutangulia, za makanisa yaliyojengwa na za shule zilizofunguliwa. Sisi tumepewa sehemu iliyo ndogo kwa kuitazama, nayo ni habari ya nasaba: jinsi mtu wa Tabora awezavyo kumjua babu yake, na babu wa babu yake, hata akaribie shina. Lugha yetu imekwisha kuweka majina ya kazi hii. Baada ya mwana yuko mjukuu, kisha kitukuu, kisha kilembwe, kisha kilembwekeza. Majina yapo, walakini katika nchi hii ni nyumba chache ziwezazo kuyajaza yote pasipo kuacha pengo, na pengo lenyewe lina sababu zake.

Sababu ya kwanza ni njia. Tangu zamani za mababu Wanyamwezi walikuwa wasafiri. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni kama kilomita 800, na msafara ulitumia miezi mitatu au minne. Burton na Speke waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857 waliingia Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilielekea Karema kwenye ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Penye njia panda hukaa watu wa kila namna. Wapagazi walikwenda pwani, na wengine hawakurudi. Waarabu na Waswahili walijenga tembe zao, wakaoa. Watu wa Manyema waliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wengi wao wakiwa watumwa, na wengine wao walipewa majina mapya kabla hawajafika hapa. Basi mtu akiuliza, "Sisi asili yetu ni wapi?" huenda nyumba moja tu ikawa na majibu manne, nayo yote ni kweli.

Tuanze na ukoo ambao habari zake zimeandikwa kuliko nyingine, yaani ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Kabla ya Fundikira wa kwanza wazee humtaja Swetu. Fundikira mwenyewe alikuwapo alipofika Burton, naye alikuwa mgonjwa sana. Burton anasimulia kwamba Fundikira alikuwa njiani kwenda pwani, mpagazi katika msafara, alipopata habari ya kufa kwa mzee wake. Akautua mzigo palepale, akarudi nyumbani kutawala. Sisi twaipenda sana habari hii, kwa kuwa yaonyesha kwamba siku zile kubeba mzigo hakukuwa aibu hata kwa mtu wa nyumba ya utemi.

Baada ya Fundikira alitawala Mnywa Sere. Huyo alitaka Waarabu walipe ushuru wa biashara yao, nao wakapigana naye, wakamfukuza, na mwaka 1860 wakamsimamisha Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere aliendelea kupigana porini miaka kadhaa hata akauawa mwaka 1865. Mkasiwa alitawala mpaka 1876, akafuatwa na Isike. Huyo ndiye Siki wa vitabu vya Wazungu, aliyepigana na Wadachi mpaka mwezi wa Januari 1893, ngome yake ilipoingiwa, naye akaiwasha moto ghala yake ya baruti pamoja na nafsi yake. Ukoo haukukoma hapo. Abdallah Saidi Fundikira alizaliwa mwaka 1921, akasoma Tabora na Makerere, akawa mtemi mwaka 1957, kisha akawa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru. Alifariki mwaka 2007. Hivyo jina la Fundikira laonekana katika maandishi tangu msafara wa Burton mpaka zamani zetu wenyewe.

Lakini hapa twawaonya walimu watakaotaka kuwafundisha watoto nasaba hii. Msiichore haraka kama mti wa baba na mwana, baba na mwana. Katika tawala nyingi za Unyamwezi desturi ya kale ilikuwa kwamba utemi haushuki kwa mwana wa mtemi, bali kwa mwana wa dada yake. Mtoto wa kiume wa mtemi alikuwa mtu mkubwa, walakini kiti kilikwenda kwa mpwa. Desturi hiyo iligeuka baadaye, na si mahali pote kwa wakati mmoja. Wageni walioandika habari zetu hawakulijua jambo hilo sawasawa. Walisikia neno la udugu, wakaandika "mwana", maana kwao mfalme hurithiwa na mwanawe. Kwa hiyo kila mahali kitabu cha msafiri kisemapo "mwana wa mtemi", mwenye kufuata nasaba aulize kwanza: mwana kwa mke wake, au mwana kwa dada yake? Aliyelipuuza swali hili ataweka tawi zima mahali pasipo pake.

Hata kwa watu wasio wa utemi hesabu ya ukoo ilifuata mahari. Mwanamume aliyelipa mali, yaani aliyekwa kwa desturi, watoto walikuwa wa upande wake. Asipolipa, watoto walihesabiwa upande wa mama yao, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu yao. Ndiyo maana katika nyumba nyingine za Kinyamwezi bibi mzaa mama hukumbukwa kwa jina, kwa kijiji na kwa ndugu zake wote, hali babu mzaa baba amebaki jina tupu. Vijana wa leo huanza kuandika upande wa baba peke yake, kisha hulalamika kwamba ukoo wao ni mfupi.

Ndoa nazo zilifunga nasaba za mbali. Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Humo twasoma kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti Fundikira. Tazameni basi: nyumba iliyotoka Oman, ikapita Unguja na pwani, imeshikana na nyumba ya watemi wetu kwa mwanamke mmoja. Arusi hiyo haikuwa jambo la moyo tu, kwani Muhammed bin Juma alikuwa miongoni mwa waliokuwa na mkono katika mambo ya kumsimamisha Mkasiwa. Asiyejua nani alimwoa nani hawezi kufahamu vita vya mwaka 1860.

Sasa tufike kwa wale ambao hawana mtemi wala Mwarabu wa kuwaandikia. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, watumwao na Kardinali Lavigerie, uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Padre Pascal alikufa njiani. Wengine walipofika Tabora waligawanyika, hawa wakashika njia ya Nyanza, hawa ya Tanganyika. Mwaka 1881 wenzao walianza kituo cha Kipalapala, karibu na mji, wakakusanya humo watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 mapadre walilazimika kukiacha kituo kile kwa uadui wa Isike. Vikarieti yetu ya Unyanyembe ilikuwa imekwisha kutengwa mwaka 1887. Iliitwa Tabora tangu 1925, na mwaka 1953 ikawa jimbo kuu.

Mtoto aliyekombolewa alikujaje kwenye kitabu? Kitabu cha ubatizo kina mahali pa jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi, na tarehe. Kwa mtoto aliyeuzwa mara tatu njiani, mahali pa baba na mama palibaki patupu. Alijua pengine jina la kijito cha kwao, au wimbo wa mama yake, na hayo hayakuwa na mstari wa kuandikiwa. Nasaba ya watu wengi wa nchi hii huanza katika mstari huo mtupu. Twajua pia kwamba nyumba nyingine zimenyamaza kwa makusudi, wazee wakisema "sisi ni watu wa hapa" ili mtu asiwaite watumwa. Wadachi walitoa hati za uhuru lakini hawakuufuta utumwa wote. Walisema tu kwamba watoto wazaliwao baada ya mwaka 1905 ni huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja wakati wa Waingereza, mwaka 1922. Si zamani sana. Anayenyamaza leo huenda alinyamazishwa na bibi yake aliyeyaona mambo hayo kwa macho.

Yuko mmoja ambaye hakunyamaza, naye ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866, mbali sana na hapa, katika nchi ya mto Niger upande wa Timbuktu. Aliibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamkomboa katika Aljeria. Alisomeshwa, akapelekwa Malta kujifunza uganga, na mwaka 1888 akatumwa huku pamoja na wamisionari. Alifika Karema mwaka 1889, akakaa hapo akiponya wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na masimulizi hayo yalichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Twamtaja hapa kwa ajili ya nasaba yake. Kwa upande wa juu, uzi ulikatwa jangwani. Kwa upande wa chini alianza upya: alimwoa Agnes Wansahira, Mbende wa nchi ya Karema, na mwana wao Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Kwa mama yake Padre Yosefu alikuwa mtu wa ziwa Tanganyika kabisa, mwenye wajomba na mabibi wa kuhesabiwa. Kwa baba yake alikuwa mtu wa Niger. Mwenye kuandika ukoo wa namna hii na auandike kama ulivyo, mzizi mmoja mrefu na mwingine uliokatwa, wala asiuogope.

Katika nchi nyingine kazi hii ilikuwa nyepesi zaidi. Huko Quebec, katika Kanada, vitabu vya ubatizo na ndoa viliandikwa tangu karne ya 17, na Padre Cyprien Tanguay akavisoma parokia kwa parokia, akatoa kamusi ya nasaba katika majuzuu 7 kati ya mwaka 1871 na 1890. Mkulima wa mashambani kule aweza kuhesabu vizazi vingi mpaka kwa babu aliyevuka bahari kutoka Ufaransa. Mapadre Weupe walifungua nyumba Quebec mwaka 1901, na vijana wa mashamba hayo wakaja kufanya kazi Afrika. Hivyo wengine waliotushikia vitabu vyetu walikuwa watu ambao nasaba zao wenyewe zilikwisha kupigwa chapa.

Sisi tunavyo vitabu tangu siku za misioni, na manufaa yake ni makubwa kuliko watu wadhanivyo. Tangu Pasaka ya mwaka 1908 Kanisa limeamuru kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo iandikwe pia pembeni mwa ubatizo wake, hata kama ndoa imefungwa parokia nyingine. Basi msichana aliyebatizwa Ushirombo akaolewa Tabora aweza kufuatwa kwa maandishi madogo ya pembeni, ambayo wengi hawayasomi. Tena kila kituo cha Mapadre Weupe kiliamriwa kuandika habari za kila siku, na humo hutokea majina ya wagonjwa, ya wapagazi na ya wanakijiji yasiyopatikana penginepo.

Hatufanyi haya kwa kujifurahisha tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwazuia vitukuu wa mzee mmoja wasioane pasipo ruhusa. Ile ya mwaka 1983 yawazuia wajukuu wa babu mmoja. Padre akiuliza wachumba, "Je, mna udugu?" nao wakajibu "hatujui", atafanya nini? Zamani mzee wa ukoo angalijibu kabla swali halijaisha. Siku hizi wazazi wa mvulana wako Mwanza, wa msichana wako Dar es Salaam, na bibi aliyeyajua yote amezikwa Sikonge.

Kwa hiyo twawaomba walimu waanze na wazee walio hai, kabla ya vitabu. Waulize kwanza upande wa mama. Waulize jina la nyumbani pamoja na jina la ubatizo, kwa sababu mapadre waliandika Yohana na Maria kwa mamia, na jina la nyumbani peke yake ndilo limtengalo Yohana huyu na yule. Waangalie pia kwamba jina la babu hurudi kwa mjukuu, hata watu wawili wa vizazi mbalimbali hudhaniwa kuwa mmoja. Mzee asiyejua mwaka aulizwe jambo: alizaliwa reli ilipofika Tabora, ndio mwaka 1912, au Wabelgiji walipouteka mji, ndio Septemba 1916? Na mzee akisema, "Huyo tulimkuta tu, alikuja na msafara," yaandikwe maneno hayohayo, pamoja na jina la mzee aliyeyasema na tarehe ya siku hiyo.