Ruhusa, kibali, leseni

Koboko, Uganda, bangi haihitaji mkalimani. Anayevuka kutoka Kaya, upande wa Sudan Kusini, huja na Kiarabu chake na kuiita bango, neno ambalo kwetu ni ubao wa matangazo. Mchuuzi wa Ariwara, Kongo, atasema bangi kama sisi. Jina hilo lilitoka Bara Hindi na limeshapita mipaka mingi kuliko sisi sote. Kinachotutatiza ni neno jingine, lile linalosimama kati ya mmea na serikali.

Ruhusa hutoka kinywani. Mzee wa ukoo akikuruhusu kulima pembeni mwa shamba lake, yametosha, karatasi ya nini? Kibali ni cha shughuli moja: kusafirisha ng'ombe, kuitisha mkutano. Ndani yake mna kukubaliwa, ndiyo maana waumini huomba kibali mbele za Mungu. (Mto Kibali wa Haut-Uele, uliolipa jina lake lile chimbo la dhahabu ng'ambo ya mpaka, ni habari nyingine.) Leseni ina masharti makali zaidi. Hutaja mtu, mahali, kazi na muda, na aliyeitoa anaweza kuifuta. Ingia duka la dawa lililosajiliwa mjini Arua uitazame ukutani, imetolewa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1993.

Tena dawa! Magazeti ya Kenya hupenda mihadarati, neno la Kiarabu lenye maana ya kutia ganzi. Sheria ya Tanzania inasema dawa za kulevya, nami nasimama na Watanzania. Dawa ni ileile, kinachoitenga ni kitenzi. Kulevya kunatukumbusha kwamba jani linaloponya ndilo linaloweza kupoteza akili, na hoja ni nani analishika, kwa kazi gani. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliitoa bangi katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa 1961, bila kuiondoa katika udhibiti.

Hapa Uganda, sheria ya 2015 iliyofunga bangi na mairungi (miraa) katika tita moja ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023, baada ya wakulima na wauzaji wa mairungi wa Wakiso kulalamika. Sababu haikuwa jani: Bunge liliipitisha bila akidi. Mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine, na kulima bila idhini ya serikali kukabaki kosa.

Ndipo ninapoogopa kitenzi kimoja. Kampuni ilipopewa nafasi ya kulima bangi ya tiba Kasese, ilikuwa rahisi kutangaza kwamba "serikali imeruhusu bangi". Mama wa Koboko mwenye robo eka, aliyezoea ruhusa ya kinywa, akisikia hivyo redioni atapanda, na atakayemjia ni askari. "Bangi halali" nayo ina kosa lilelile, kwani inausafisha mmea wakati sheria imemtazama mwenye kuulima. Watangazaji wa Arua wanaweza kusema, bila kupoteza hata nusu dakika: "Kampuni fulani imepewa leseni ya kulima bangi ya tiba, mahali fulani, hadi tarehe fulani. Asiye na leseni haruhusiwi."