Kenya Ilishakuwa na Juri. Shida Ilikuwa Nani Anaitwa

Kila jaji akitoa uamuzi umewakera watu, hamkosi kuona mtu akiandika: "Sisi tunahitaji juri kama Marekani. Wananchi waamue!" Naelewa hasira hiyo. Lakini wasee, kuna kitu hatukufunzwa shuleni: hii nchi ilishakuwa na juri. Na ukijua ilifanya kazi vipi, utaanza kuuliza maswali tofauti.

Kwanza tuelewane kwa maneno, juu hapa ndipo siri yote iko.

Juri ni raia wa kawaida, si mawakili, si majaji. Wanakaa kortini, wanasikiliza ushahidi, halafu wao ndio wanasema mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji anawaelekeza kuhusu sheria na baadaye anatoa adhabu, lakini swali la hatia ni lao. Wazee wa baraza ni kitu kingine kabisa. Nao pia ni raia, nao pia wanasikiliza kesi. Lakini mwisho wakiulizwa, wanatoa maoni tu. Jaji anaweza kuyakubali ama ayaweke kando aendelee na yake.

Uamuzi na maoni. Tofauti ni neno moja tu, lakini wakati wa mkoloni neno hilo lilienda na rangi ya ngozi. Mzungu akishtakiwa kesi kubwa kama mauaji, alipata juri ya wazungu wenzake. Mwafrika alipata jaji mzungu na wazee wa baraza wa kushauri.

Sasa ona matokeo. Mwaka wa 1923, kijana Mwafrika anayeitwa Kitosch alitumwa na farasi. Badala ya kumwongoza kwa miguu, akampanda. Mwenye shamba, mzungu Jasper Abraham, akamchapa, Kitosch akafungwa kamba, akafa. Juri ilikuwa ya wazungu watupu. Kortini kukaletwa hoja ati Kitosch mwenyewe alitaka kufa. Juri haikusema ni mauaji; ilisema ni kumuumiza mtu vibaya. Abraham akapewa miaka miwili. Karen Blixen, yule wa Out of Africa, aliandika kuhusu kesi hiyo, ndiyo maana bado inakumbukwa.

Ruka hadi Nyeri, Novemba 1956. Dedan Kimathi anashtakiwa kupatikana na bastola. Mbele yake ni Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na kando kuna wazee wa baraza watatu, Waafrika. Ukiona picha hiyo unaweza kudhani Kimathi alihukumiwa na watu wake. La hasha. Hao watatu walikuwa na maoni. Mwenye uamuzi alikuwa mmoja tu. Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Lakini historia haipendi stori rahisi. Mwaka wa 1959 mzungu Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge hapa Nairobi, kisa na maana mawe na mbwa. Juri ikawa tena ya wazungu. Kila mtu alidhani anajua mwisho wake. Wakampata na hatia ya mauaji! Wazungu kwa maelfu wakatia sahihi wakiomba ahurumiwe, ikakataliwa, na akanyongwa Agosti 1960. Kwa hivyo sisemi mtu wa rangi fulani hawezi kutenda haki. Nasema haki ya Mwafrika haikufaa kutegemea bahati ya juri imeamkaje siku hiyo.

Na hao Wamarekani tunaowatamani? Wao wana hatua nzima ya kuchagua juri kabla kesi ianze. Watu wanaitwa, wanaulizwa maswali: unamjua mshtakiwa? Ushaamua tayari? Wakili anaweza kumpinga mtu kwa sababu, yaani aonyeshe ana upendeleo. Halafu kuna pingamizi chache za bila sababu: unamtoa tu, huulizwi. Mlango huo ndio ulitumika miaka mingi kuwatoa watu weusi. Katika kesi ya James Batson kule Kentucky, kiongozi wa mashtaka aliwatoa weusi wote wanne waliokuwa wamebaki, na Batson alikuwa mweusi. Mwaka wa 1986 Mahakama ya Juu ilisema huwezi kumtoa mtu kwa sababu ya rangi yake. Hadi leo mawakili wanabishana kortini kuhusu sababu zinazotolewa.

Sisi tuliachana na juri, na mwaka wa 2007 sheria ikawaondoa hata wazee wa baraza. Leo jaji anaamua peke yake, na Katiba ya 2010 inakuahidi korti huru isiyopendelea, si juri.

Je, turudishe? Mimi sijafunga mlango. Raia 12 ni vigumu kuwahonga kuliko mtu mmoja, hilo nakubali. Lakini hii ni Kenya. Fikiria kesi ya mwanasiasa mkubwa, kwao nyumbani, majina kumi na mawili yakisomwa. Tayari unahesabu makabila, sivyo?

Kwa hivyo mtu akikuambia tunataka juri, usibishane naye. Muulize tu: hiyo orodha ya majina itaandikwa na nani, na nani atakuwa na ruhusa ya kuyafuta?