Kutoka Kipande hadi Namba: Historia ya Madaftari Yaliyounganishwa nchini Kenya

Makala haya yanakusudia kuchunguza, kwa njia ya historia, jinsi utawala nchini Kenya ulivyotumia maandishi ili kuwajua na kuwadhibiti watu wake, tangu kipande cha mkoloni hadi namba iliyomo katika mtandao wa kompyuta. Mara nyingi mjadala huu huendeshwa kana kwamba kompyuta ndiyo iliyouzaa udhibiti. Kwa maoni yetu, sivyo. Udhibiti ulikuwako, na mtandao nao ulikuwako, ila ulikuwa mtandao wa bati, karatasi, posta na makarani. Kilichobadilika ni umbali baina ya daftari moja na jingine. Na katika umbali huo ndimo raia alimokuwa akipata nafasi ya kupumua.

Tuanze na neno lenyewe. Kipande ni sehemu ya kitu kilichokatwa. Katika Tanganyika chini ya Wajerumani neno hili lilikwisha kutumika kwa kadi ya kazi ya siku 30, na katika mashamba ya walowezi wa Kenya vilevile lilikuwa jina la kadi iliyotiwa alama kwa kila siku iliyofanyiwa kazi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipopitishwa mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watu hawakuhitaji kubuni neno jipya. Walikipa cheti kipya jina la zamani, na kwa kufanya hivyo walikifasiri kwa usahihi kuliko walioitunga sheria: hiki hakikuwa cheti cha kumtambua mtu, bali cha kuishika kazi yake.

Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuandikishwa. Kipande kilionyesha jina lake, kabila, wilaya, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa, na mshahara. Alikitia ndani ya kibweta cha bati na kukivaa shingoni kwa uzi, na wako waliokifananisha na kengele anayofungwa mbuzi. Kufikia mwaka 1924 vipande zaidi ya nusu milioni vilikuwa vimetolewa. Mshahara ulioandikwa humo ulimfuata mtu kokote alikokwenda, hata mwajiri mpya asione sababu ya kumlipa zaidi. Asiyetiwa sahihi ya kuachishwa hakuweza kuajiriwa mahali pengine kwa halali.

Lakini nguvu ya kipande haikuwa shingoni. Ilikuwa Nairobi, katika masijala ya msajili mkuu, ambako nakala za alama za vidole zilihifadhiwa. Mwajiri aliyetorokwa aliarifu. Mwajiri mpya naye alipeleka taarifa ya aliyemwajiri. Na karani, akilinganisha namba kwa namba, aliweza kumpata mtoro katika wilaya ambayo hakuna aliyemjua. Mtindo wa kupanga alama hizo ulikuwa umesanifiwa Bengal katika miaka ya 1890 chini ya Edward Henry, na sehemu kubwa ya hesabu zake ilikuwa kazi ya wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Polisi wa London waliuchukua mwaka 1901. Uliigeuza michirizi ya vidole kumi kuwa tarakimu, na tarakimu hizo ziliipeleka kila karatasi katika mojawapo ya mafungu 1,024. Msomaji atambue maana ya jambo hili: mwili wa mtu uliandikwa kwa hesabu ili upatikane upesi miongoni mwa maelfu. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta, na ilifanywa Nairobi kwa mikono kabla kompyuta haijaundwa.

Hata hivyo mikono huchoka, na posta huchelewa. Wako waliokitupa kipande kibaya wakadai kimepotea, na wako waliosafiri haraka kuliko barua iliyowafuata. Wanawake hawakuandikishwa kabisa, nao walipita katika miji na masoko bila namba. Mapengo haya hayakuwa haki, wala hatukusudii kuyasifu. Yalikuwa udhaifu wa chombo tu. Waliodai haki walikabiliana na chombo chenyewe. Harry Thuku alikipinga kipande hadharani mwaka 1921, akakamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo polisi wakawapiga risasi waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe. Ilipofika 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe kwa vidole, walowezi wakaghadhibika. Kuchovya vidole katika wino, walisema, ni jambo la wahalifu. Serikali ililegeza kamba ikakubali picha na sahihi kwa wenye elimu. Sijui kama wako wengi kati yao waliojiuliza, basi, Mwafrika alikuwa amehesabiwa nini kwa miaka karibu thelathini.

Wakati wa Hali ya Hatari chombo hiki kiliongezewa makali. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipewa vitabu maalumu vya kupitia, na katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 karatasi ya mtu ndiyo iliyoamua kama angelala kwake au kizuizini. Baada ya Uhuru uandikishaji ulibaki. Wanawake waliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1978. Jina rasmi likawa kitambulisho, lakini katika mazungumzo ya kila siku Wakenya waliendelea kusema kipande, na wanasema hivyo hadi leo.

Kompyuta za kwanza zilipowekwa nchini katika miaka ya 1960, kazi yao ilikuwa hesabu na mishahara. Kila moja ilikaa peke yake chumbani mwake. Wanaleksikografia walishughulika na jina la mashine, wengine wakipendekeza tarakilishi, yaani tarakimu na akili. Jina lililostahili kufikiriwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mtandao. Asili yake ni kitenzi tanda, ambacho Waswahili walikitumia kwa wingu linaloenea angani na kwa nyuzi za mfumi zilizonyoshwa tayari kufumwa. Uzi mmoja haushiki kitu. Simu za mkononi zilipoanza kutuma fedha kwa M-Pesa mwaka 2007, nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, na laini za simu zilipoanza kuandikishwa kwa namba ya kitambulisho, nyuzi zilinyoshwa. Namba ileile ikawa ufunguo wa mshahara, wa matibabu, wa mtihani wa mtoto na wa hati ya shamba.

Ndipo mwaka 2019 ikaja Huduma Namba. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, serikali ilikusudia kuziweka taarifa za kila mkazi katika hifadhi moja. Sheria ilitaja hata chembechembe za urithi, yaani DNA, na vipimo vya mahali mtu anapoishi. Waliokwenda mahakamani, pamoja na mashirika ya kutetea haki za binadamu, walikuwa Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudani walioletwa na Waingereza na kukaa Kibra tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Watu hawa walikwisha kuzoea kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, na hofu yao ilikuwa ya wazi: mlango mmoja ukiwa ndio mlango wa kila kitu, aliyefungiwa nje amefungiwa nje ya kila kitu. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa DNA na vipimo vya mahali, ikaruhusu mengine kwa sharti la kuwapo sheria kamili ya kuyalinda. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa athari zake kwa taarifa za watu hazikuwa zimepimwa kwanza.

Tutazame majina tena. Kipande kilitaja kazi bila haya. Huduma Namba ilitanguliza wema, na mrithi wake wa mwaka 2023, Maisha Namba, amedai maisha yote. (Wapo wenzetu watakaoona kosa kubwa kuliko yote ni kuandika namba badala ya nambari, hilo tuwaachie.) Kadiri daftari lilivyopanuka ndivyo jina lake lilivyolainika.

Maana ya kuunganisha madaftari, hata hivyo, haikusubiri namba mpya. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walichujwa na kupewa kadi za rangi ya waridi. Ubaguzi ulikuwa dhahiri, lakini ulikuwa wa karatasi inayoonekana. Miaka michache baadaye, kambi za Dadaab zilipofunguliwa, familia za Kenya za kaskazini-mashariki zilizopigwa na ukame na njaa zilijiandikisha miongoni mwa wakimbizi ili zipate posho ya chakula na matibabu. Watoto waliandikwa pamoja na wazazi wao. Kwa miaka mingi daftari la wakimbizi na daftari la raia yalikaa mbalimbali, na hakuna aliyedhurika. Alama za vidole zilipoanza kulinganishwa kwa mashine, kijana aliyezaliwa Garissa na wazazi Wakenya alifika kuomba kitambulisho akiwa na umri wa miaka 18, akaweka vidole juu ya kioo, na mashine ikajibu kwamba yeye ni mkimbizi. Maelfu walikutwa na hali hiyo. Bila kitambulisho hawakuweza kuandikisha laini ya simu, kufungua akaunti ya benki, wala kupiga kura. Tofauti na mtoro wa mwaka 1924, hawakuwa na karatasi ya kutupa.

Shauri lao lilifika Mahakama Kuu, na kamati za kuwahakiki ziliundwa kusikiliza ushahidi wa wazee, machifu na majirani, yaani wa watu wanaomjua mtu kwa uso na nasaba. Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi, huko Wajir, tangazo la kukomesha uhakiki wa pekee kwa jamii za mipakani. Tangazo hilo lilihusu maswali yanayoulizwa na kamati. Kilichowazuia vijana wa Garissa kilikuwa ulinganifu wa alama mbili za vidole katika madaftari mawili, na kuuondoa kulihitaji mtu mwenye mamlaka ya kufungua daftari la wakimbizi na kulifuta jina moja baada ya jingine.