Kabla ya Kaburi Kulikuwa na Hadithi

Siku tulipomzika cucu, kule juu ya Runyenjes ambako migomba inapakana na majani chai, mpwa wangu wa kidato cha pili alinivuta mkono kabla hata hatujafuta matope viatuni. "Tata," akaniuliza, "sasa cucu yuko wapi?"

Sikumjibu. Pasta alikuwa ameshajibu kwa kipaza sauti: yuko mbinguni, amepumzika. Baba mdogo naye alikuwa amejibu kwa njia yake: "Yuko hapa hapa chini ya mparachichi, na hakuna mtu atauza hili shamba." Halafu mzee mmoja wa rika la guka, aliyekuwa ametulia kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai, akasema jambo ambalo linanisumbua hadi leo. Alisema babake cucu hakuwa na kaburi, na wala hakuna aliyewahi kulitafuta.

Majibu matatu kwa swali moja, kwenye boma moja, mchana mmoja. Msichana akaniangalia kana kwamba watu wazima wote tumemdanganya. Begi lake lilikuwa na riwaya ya kuazima, The Lovely Bones ya Alice Sebold, ambamo msichana wa miaka 14 aliyeuawa anasimulia akiwa mbinguni huku akitazama familia yake ikihangaika bila yeye. Kabla ya hapo alikuwa amesoma The Book Thief ya Markus Zusak, ambamo msimulizi ni Kifo mwenyewe. "Sisi hatuna hadithi kama hizi," akaniambia. "Kwetu watu hunyamaza tu."

Nimekuwa nikilijibu neno hilo kichwani tangu siku ile. Huku mlimani, upande wa mashariki, kutoka Mbeere na Embu hadi Chuka, Imenti na Tigania, hadithi za kifo za kuwasimulia vijana zilikuwepo kabla hatujawa na makaburi. Nadhani ndizo zilizokuwa makaburi yetu.

Tuanze na yule mzee na chai yake. Alichosema ni kweli, wala hakukuwa na aibu ndani yake. Kabla ya ukoloni, jamii nyingi za kuzunguka Mlima Kenya hazikuzika watu wao wote. Kaburi lilikuwa la wachache, hasa wazee wenye mali na watoto. Wengine walipelekwa porini, mara nyingine hata kabla pumzi haijakatika, na fisi akamaliza kazi. Msomaji wa leo atasikia ukatili hapo. Lakini waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao. Maiti ilikuwa na najisi iliyoweza kuwashika walio hai, watoto wao na mifugo yao, na boma lilikuwa mahali pa uzima. Kifo kiliwekwa mbali makusudi.

Sasa jiulize: kama hakuna kaburi, wala jiwe lenye jina, wala picha ukutani, mtu anakumbukwa vipi?

Kwanza kwa jina. Kwa Waembu na Wambeere, kama kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake baba, na wa kike jina la mamake baba, halafu zamu inahamia upande wa mama. Kwa hiyo guka anakufa, na jina lake linaendelea kukimbia uani likilia njaa. John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa mwaka 1931 kule Kitui kwa jirani zetu Wakamba, alilifikiria sana jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Aliyekufa, alisema, hubaki ndani ya Sasa maadamu yupo mtu aliyemjua na anayelitaja jina lake. Wa mwisho kumkumbuka akifa, ndipo marehemu anapozama kabisa katika Zamani.

Pili, kwa hadithi. Hapa lugha yenyewe inatufichulia siri. Kwa Kiswahili tuna mzimu, tuna kuzimu, na tuna zimwi, lile dubwana linalokula watoto kwenye hadithi. Yote yametoka shina moja. Huku kwetu zimwi huitwa irimu, na irimu ni ndugu wa zimwi kwa asili: shina ni lile lile la Kibantu, sauti tu ndizo zimegeuka. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtoto wa Embu aliyekuwa akijikunyata karibu na meko akisikiliza habari za irimu, kumbe alikuwa akisikiliza, bila kuambiwa, habari za wafu waliovalishwa nguo nyingine. Watu wazima hawakumwambia, "Keti nikufundishe kifo." Walimwambia habari za msichana aliyekwenda kuteka maji akakutana na kiumbe, na mtoto akajifunza mwenyewe kwamba ipo njia ambayo mtu huiingia asirudi jinsi alivyokuwa.

Ipo hadithi moja ya jirani zetu Wakikuyu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aisome. Iliandikwa na W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, ikatoka katika kitabu chao cha mwaka 1910. Mvua imekataa miaka mitatu. Mganga anasema lazima msichana aitwaye Wanjiru anunuliwe, na kila mtu alete mbuzi. Wanjiru anasimama katikati ya uwanja, na ardhi inaanza kumla: magoti, kiuno, shingo. Mvua inanyesha. Analia kwamba watu wake wamempoteza, na kila jamaa anayetaka kumwokoa anapewa mbuzi, anarudi nyuma. Anazama wote. Kisha kijana mmoja aliyempenda anakwenda pale pale, anasimama, ardhi inammeza naye. Chini anaikuta njia ndefu, anaifuata, anamkuta Wanjiru na nguo zimemwishia mwilini. Anambeba mgongoni kama mtoto, anamrudisha usiku, anamficha kwa mama yake. Wanamlisha, wanamvisha, mpaka siku ya ngoma kubwa anapotokea mbele ya watu wote. Jamaa zake wanakuja mbio kumkumbatia. Kijana anawafukuza: si nyinyi mlimuuza? Baadaye tu ndipo anakubali kuwalipa mahari.

Tazama ilivyo ngumu hadithi hii. Haimwambii kijana kwamba kifo ni kizuri. Inamwambia kwamba jamii inaweza kukuuza ikaita jambo hilo baraka. Kwamba aliyerudi kutoka chini anahitaji kulishwa polepole, gizani, kabla hajaweza kuonekana na watu. Na kwamba hasira juu ya waliokuacha ni halali, ingawa siku moja itabidi mkae meza moja. Mtoto aliyefiwa anahitaji nini zaidi ya hapo?

Halafu dunia ikageuka, na kwa haraka. Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, na miaka michache baadaye Meru ikawa chini yao. Wamishonari wa CMS walifika Kigari, Wamethodisti wakajenga Kaaga mwaka 1912, na mwaka 1922 Dakta Irvine wa kanisa la Skoti akaanza kazi Chogoria. Kila kituo kilikuja na shule, dawa na jibu jipya kwa swali la mpwa wangu. Sasa kulikuwa na juu na chini, thawabu na moto. Maneno yetu ya zamani yalivutwa kwenye ramani hiyo bila kuulizwa. Ngoma kwa Embu, au nkoma kwa Meru, lilikuwa jina la roho za waliotutangulia, wale wa kumwagiwa pombe kidogo ardhini. Mdomoni mwa Wakristo likawa shetani. Fikiria hilo: kwa kizazi kimoja, babu yako aliyekufa na ibilisi wakapewa jina moja. Mtoto aliyeuliza "guka yuko wapi?" angejibiwa vipi kwa Kimeru bila kumtia hofu?

Nadhani hapo ndipo kimya kilipoingia. Mpwa wangu anadhani kimya hicho ni mila yetu. Mimi naona ni jeraha la karibu tu.

Badiliko la pili lilikuwa kaburi lenyewe. Kuzika kulisukumwa na serikali ya kikoloni na kanisa, kisha watu wakakifanya kitu hicho kuwa chao kwa sababu ambazo hakuna mmishonari aliyezitarajia. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyefanya utafiti Mbeere, aliandika mwaka 1984 kwamba kifo kilikuwa "kimefugwa", kama mnyama wa porini aliyeletwa bomani. Pale ardhi ilipoanza kupimwa na kuandikwa, koo ziliposhtakiana mipaka, kaburi la babu likawa ushahidi. Mfu ambaye zamani angepelekwa mbali sasa alikuwa shahidi wa shamba. Ndiyo maana baba mdogo alisema alivyosema chini ya mparachichi. Hakuwa mkorofi, alikuwa anaongea lugha ya miaka ya hati miliki. Na Kenya nzima iliisikia lugha hiyo mwaka 1987, wakati mwili wa wakili S. M. Otieno ulipogombaniwa kortini kwa miezi kadhaa, mjane upande mmoja na ukoo upande mwingine, mpaka ukazikwa Nyalgunga.

Katikati ya hayo kulikuwa na vita. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na misitu ya mlima ikajaa vijana wa Meru, Embu na Gikuyu. Wengi hawakurudi. Hapa historia inafanya jambo la ajabu: kizazi kilichotangulia kiliweza kumwacha mtu porini bila kuona kwamba kimemdharau, lakini sasa mtu aliyelala porini bila kaburi alikuwa maumivu. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa Kamiti bila alama yoyote.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipomwandikia tamthilia, walikwenda Karunaini alikozaliwa. Wanaeleza katika utangulizi kwamba mama mmoja aliyemjua aliwaambia Kimathi hatakufa kamwe, na kama kweli ameuawa, basi aonyeshwe kaburi. Mĩcere alizaliwa Baricho, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Tamthilia ilitoka 1976, na Kiswahili chake, Mzalendo Kimathi, miaka miwili baadaye. Wengi wetu tunakumbuka Kimathi na mahakama. Lakini waliokabidhiwa kazi ndani yake ni mvulana na msichana, watoto wa mjini wanaoanza kwa kupigania pesa kidogo na kuishia wakibeba kazi ya mtu anayekwenda kufa. Hiyo ni hadithi ya vijana kuhusu kifo na kinachobaki baada ya kifo, nasi tuliiita siasa tu.

Na vitabu vya shule je? Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, tuliisoma kama safari ya Kongowea kumtafuta baba. Lakini safari yenyewe inaanza kwa kifo cha mama. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka mmoja kabla yake, inamtia Dzombo katika chombo cha kumpeleka kwenye kifo, kisha chombo kinamfikisha nchi ambako watu wanaishi kwa haki. Walimu walituuliza maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Hakuna aliyetuuliza kama kuna mtu darasani aliyefiwa na mama muhula ule. Kwetu alikuwepo. Alikaa dawati la nyuma, akapata alama nzuri kwenye insha ya Siku Njema, na hakuna aliyemwambia neno. Mimi pia sikumwambia.

Basi wiki iliyofuata mazishi nilimpigia mpwa wangu simu, nikamwambia azime taa. Akacheka, "Tata, kwani tuko nasari?" Lakini akazima. Nikamsimulia habari za Wanjiru, kuanzia mvua hadi mahari. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

"Yule mama wa huyo kijana," akasema hatimaye, "aliyemlisha Wanjiru akiwa amefichwa. Hakumwambia mtu yeyote?"

"Hakumwambia mtu."

"Cucu angefanya hivyo," akasema.

Bado sijui nimjibu nini kuhusu aliko cucu. Lakini usiku ule alikuwa mahali ambapo Mbiti angepaita Sasa, akimpikia uji mtu aliyerudi kutoka chini.