Kaniki Ilipotupwa, Kanga Ikatandwa

Katika Zanzibar ya katikati ya karne ya 19, nguo ilimtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Mtumwa wa kiume alijifunga shuka ya merikani kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Kuvaa kofia au viatu mbele ya bwana wake kulikuwa utovu wa adabu. Mwanamke wa shamba alijifunga kaniki chini ya kwapa, mabega nje, kichwa bila mtandio. Kujisitiri kulikuwa haki ya waungwana.

Merikani, pamba nzito isiyopaushwa, ililetwa na merikebu za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sultani Sayyid Said. Ikichovywa nili, huwa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani (1861–1865) vilikatiza biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikajitwalia sehemu kubwa ya soko.

Lakini mtindo mpya haukutoka kiwandani. Leso za rangi ziliuzwa zikiwa bado zimeshikana katika jora. Wanawake wa mjini wakanunua sita kwa pamoja, wakakata kipande hicho katikati, kisha wakashona tatu juu na tatu chini: likapatikana pande pana la kutosha kujitanda. Kwangu mimi, mshono ule una uzito sawa na mkataba wowote wa masultani. Wenye maduka wakaona, wakaagiza Ulaya nguo pana iliyokwisha pigwa chapa, na kufikia miaka ya 1880 kanga ilikuwa imeenea pwani: pindo pande zote, mji katikati, jozi moja, ya kujifunga na ya kujitanda.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed aliondoa hadhi ya utumwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje hadi 1909. Wanaume waliokuwa watumwa wakavaa kanzu nyeupe na kofia za kushonwa kwa mkono. Wanawake wakaiacha kaniki, wakafunika vichwa kwa kanga, na wakawa wateja wagumu kweli kweli. Walitaka nakshi mpya kila mara. Mfanyabiashara aliyeletewa mzigo wa mtindo uliokwisha pitwa na wakati alibaki na marobota yake ghalani, hata akipunguza bei.

Kanga za mwanzo hazikuwa na maneno. Maneno hayo, yaitwayo majina, yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu.