Chupa na Chetezo: Jinsia na Matumizi ya Fedha kwa Manukato katika Pwani ya Waswahili

Katika maandishi ya biashara na masoko limezoeleka dai kwamba mwanamke ndiye mnunuzi mkuu wa manukato, na kwamba mwanamume, hata anaponukia vizuri, mara nyingi hunukia kwa chupa aliyonunuliwa na mke, mama au mchumba wake. Dai hilo lilizaliwa katika hesabu za maduka ya Ulaya na Marekani, kisha likasafirishwa likafanywa kuwa tabia ya jinsia zenyewe popote zilipo. Makala haya hayakusudii kuligeuza tu dai hilo na kusema kwamba wanaume ndio watumiaji wakubwa. Yanadai kwamba swali la nani hutumia fedha nyingi zaidi halina jibu la maana mahali ambapo harufu nzuri hutengenezwa nyumbani kwa vitu vilivyonunuliwa kimoja kimoja, na ambapo anayelipa, anayetengeneza na anayenukia wanaweza kuwa watu watatu tofauti.

Hoja ya maumbile haihitaji nafasi kubwa. Ni kweli kwamba wanawake hufanya vizuri zaidi katika majaribio ya kunusa, lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 na Piotr Sorokowski na wenzake ulionyesha kwamba tofauti hiyo, ingawa ipo, ni ndogo. Pua iliyo kali kidogo kuliko nyingine haiwezi kueleza kwa nini mwanamume wa Muscat hujifukiza udi kabla ya kutoka nyumbani na kutia manukato katika kishada kinachoning'inia shingoni mwa kanzu yake, ilhali mwanamume wa mji mwingine wenye maduka mengi zaidi huona haya kunukia chochote isipokuwa sabuni.

Historia ya biashara yenyewe inalikanusha dai hilo kwa namna ambayo wanaolirudia hawaitaji. Old Spice, ambayo leo huchukuliwa kuwa mfano wa manukato ya kiume, iliingia sokoni Marekani mwaka 1937 ikiwa bidhaa ya wanawake, na ya wanaume ikafuata mwaka 1938. Mwaka 1953 Estée Lauder alitoa Youth Dew kama mafuta ya kuogea yaliyofaa pia kuwa manukato, na sababu inayotajwa katika historia za biashara hiyo ni kwamba mwanamke wa Marekani wa wakati ule alisubiri kununuliwa manukato kama zawadi, ila mafuta ya kuogea aliweza kujinunulia bila kuulizwa. Mwaka 1973 Revlon ilileta Charlie kwa ajili ya mwanamke mwenye mshahara wake mwenyewe. Kwa hiyo hata huko kulikotoka dai hili, mwanamke mnunuzi ni mtu wa juzi, na alipatikana baada ya wauzaji kumtafuta kwa makusudi. Nadharia inayotoa tabia ya kudumu ya jinsia kutoka katika miongo michache ya matangazo imejenga ghorofa juu ya mchanga.

Wanasosholojia wamekwisha kukubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba fedha ndani ya kaya hazina rangi moja. Viviana Zelizer, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu maana ya fedha katika jamii, alionyesha jinsi watu wanavyozitenga fedha kwa makusudi mbalimbali na kuzipa majina, kiasi kwamba shilingi ya matumizi ya nyumbani si sawa na shilingi ya zawadi, ijapokuwa dukani zina thamani ileile. Hilo halina mgogoro. Mgogoro uko kwa Thorstein Veblen, ambaye tangu mwaka 1899 aliwafundisha wasomaji kuyaona mapambo ya mke kama tangazo la utajiri wa mumewe. Kwa Veblen, mke huvaa na mume husifiwa. Pwani ya Waswahili inampindua Veblen, maana huko ushahidi wa kale unamwonyesha mke akifanya kazi ili mume anukie.

Ushahidi huo unapatikana katika utendi ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Utendi huo umechambuliwa mara nyingi kwa sababu ya mafundisho yake juu ya utiifu wa mke, na wahakiki wamegawanyika kati ya wale wanaouona kuwa kitanzi na wale wanaosikia ndani yake kejeli ya mama mwerevu; mzozo huo haukaribii kwisha, na kwa hoja hii haulazimu kwisha. Kilichopuuzwa ni mambo ya kawaida yaliyomo ndani yake. Binti anaagizwa amnyoe mumewe, amtengeneze ndevu, na amfukize udi asubuhi na jioni. Baadaye anaagizwa ajitunze mwenyewe, atunge asumini na kuziweka kitandani. Anayesoma beti hizo kwa jicho la mchumi huona mgawanyo ulio wazi, kwa kuwa mwili wa mume hupata udi, bidhaa ghali iliyovushwa bahari kutoka Asia ya kusini na mashariki, na kitanda cha wote wawili hupata maua yanayoota uani. Kazi zote mbili ni za mke. Iwapo mtafiti angehesabu kwa kuangalia anayenukia, udi ungeandikwa kwa mume. Angehesabu kwa mkono uliofukiza, ungeandikwa kwa mke. Na angehesabu kwa mfuko uliolipa, utendi wenyewe haumpi jibu.

Itasemwa kwamba utendi ni mawaidha na si daftari la matumizi, na kwamba Mwana Kupona alikuwa mjane wa mtawala wa Siyu, kwa hiyo nyumba yake haikuwa nyumba ya mvuvi. La kwanza halina uzito mkubwa, kwa sababu mawaidha ya kufukiza mara mbili kwa siku yasingetolewa mahali ambapo udi haukuwepo kabatini. La pili ni zito zaidi, na linagusa pia suala la watumwa, ambao katika nyumba kubwa za karne ya 19 walibeba sehemu ya kazi zinazosifiwa kuwa za bibi mwenye nyumba. Hata hivyo, kinachoshikiliwa hapa ni umbo la mgawanyo na wala si kiasi chake, na umbo hilo linaonekana pia katika nyumba za kipato cha chini, ambako ubani au udi wa vijiti hushika nafasi ya udi wa gharama.

Sheria ya dini imelitia umbo hilo nguvu. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, manukato ya mwanamume ni yale ambayo harufu yake huonekana na rangi yake hufichika, na ya mwanamke ni kinyume chake. Wanazuoni wengi wameifasiri kuwa inahusu mwanamke anapotoka nje, kwani akiwa nyumbani kwake hujitia apendacho. Mwanamume anayekwenda katika sala ya Ijumaa, kwa upande wake, kujitia manukato ni sunna kwake. Matokeo ya kiuchumi ya mafundisho hayo hayajachunguzwa inavyostahili. Mwanamume huhitaji harufu inayobebeka, na ndiyo maana uturi wa mafuta huuzwa katika vichupa vidogo kwa kipimo cha tola, ambayo ni takriban gramu 11.7, kichupa kinachoingia mfukoni mwa kanzu na kutolewa mlangoni mwa msikiti kumpaka jirani mgongoni mwa kiganja. Mwanamke huhitaji harufu inayokaa, katika nguo, nywele, mashuka na mapazia. Tena akifiwa na mume hukaa eda ya miezi 4 na siku 10 bila kujitia manukato, kipindi ambacho matumizi yake hukatika ghafla, na mjane wa kiume hana kinacholingana nacho.

Harufu inayokaa ina gharama ambazo risiti haizionyeshi. Katika udi unaopikwa nyumbani, sukari huyeyushwa kwa marashi ya mawaridi mpaka inate, vipande vya udi vilivyopondwa humiminwa ndani pamoja na miski, ambari ikipatikana, zafarani na mafuta ya uturi, kisha mchanganyiko hutandazwa katika sinia, hukatwa ukishapoa, na kufungiwa katika kopo kwa siku kadhaa ili harufu zishikane. Siku ya kuutumia, kaa lililowaka vizuri na kuvikwa jivu jembamba huwekwa katika chetezo, maana kaa lenye mwali huunguza sukari na kutoa moshi mchungu, na nguo hutandazwa juu ya tenga lililofunika chetezo. Kujua ni lini kaa limefaa ni ujuzi unaorithishwa na mama, shangazi au somo, na hakuna duka linaloutoza bei.

Kuhusu mfuko unaolipa, fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, imetoa kanuni inayofaa kusomwa na wachumi. Katika mapokeo ya kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, mume hulazimika katika nafaka, yaani matunzo ya mke, kutoa vitu vya usafi kama kitana na mafuta, lakini vitu vya kujipamba si wajibu wake isipokuwa atake mwenyewe mkewe ajipambe navyo, na hapo gharama humrudia yeye. Kwa kanuni hiyo manukato huwa katika mpaka kati ya fedha za mume na za mke, na kila chupa huwa na mazungumzo nyuma yake. Harusi huuonyesha mpaka huo hadharani, kwani upande wa mwanamume hupeleka masanduku yenye nguo, viatu na chupa za manukato zinazoonekana na kuhesabiwa na wageni, ilhali upande wa bibi harusi hugharimia singo, liwa, maua na udi wa siku zote za sherehe, ambavyo huisha bila kuhesabiwa na mtu.

Takwimu za taifa zinayaonaje haya? Tafiti za matumizi ya kaya nchini Kenya na Tanzania hufuata uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa matumizi ya kaya, ambao katika toleo lake la mwaka 1999 huweka manukato katika kundi la 12.1.3, pamoja na sabuni na vitu vingine vya kutunza mwili. Humo huingia chupa. Asumini zilizonunuliwa sokoni, zikifuata uainishaji kikamilifu, ni maua na huenda kundi la 09.3.3, makaa ya chetezo ni nishati, kundi la 04.5.4, zafarani huhesabiwa na vyakula. Harufu moja ya mwanamke wa Lamu au Unguja hutawanywa katika makundi manne, ilhali kichupa cha mumewe hubaki kizima katika kundi moja. Zaidi ya hayo, tafiti hizo huhesabu matumizi haya kwa kaya na si kwa mtu, hivyo kila anayezitumia kutoa hukumu juu ya jinsia hulazimika kukisia nani alinunua nini, na makisio hayo kwa kawaida huazimwa kutoka kwenye dai lilelile linalotakiwa kupimwa.

Hoja hii inaweza kukaguliwa. Katika Mombasa, mjini Unguja na Dar es Salaam yameongezeka maduka yanayouza manukato kwa mililita, yakipima kutoka chupa kubwa na kujaza ndogo, na udi uliokwisha kupikwa huletwa kutoka Dubai ukiwa ndani ya makopo. Wanawake wanaofanya kazi mbali na nyumbani, wasio na saa za kusimamia sinia na chetezo, ni wateja wa kutegemewa wa maduka hayo. Ikiwa yaliyoelezwa hapa ni sahihi, basi katika tafiti zijazo za miji ya pwani matumizi ya kundi la 12.1.3 yatapanda katika kaya zenye wanawake waajiriwa, na wachambuzi wataandika kwamba wanawake wa pwani wameanza kupenda manukato. Lakini katika kaya hizohizo manunuzi ya maua na makaa yatakuwa yameshuka. Yakipanda ya kwanza bila kushuka ya pili, makala haya yatakuwa yameikuza kupita kiasi nafasi ya uainishaji, na hoja ya wauzaji kwamba hamu yenyewe imeongezeka itabidi isikilizwe upya.